Maji Aliyoyajaza

Nyumbani, tarehe 9 Februari

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka huko msibani. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Najua simu huipendi, unasema inakukatia maneno mdomoni, na mimi siku hizi naona barua ni afadhali, maana karatasi haitoi sauti ya mtu inavyotetemeka.

Tunaendelea vizuri. Nimerudi kazini. Wateja wanaleta vitambaa vya mapazia kama zamani, wananipa pole mlangoni, halafu wananitajia upana wa dirisha. Ni bora hivyo. Mtu akikuhurumia sana, sindano inapotea njia.

Uliuliza habari za boti. Ipo. Jumamosi nilimkuta fundi wa gatini, yule rafiki wa mwanao wanayemwita Koleo, ameingia chini ya sakafu na tochi mdomoni. Anasema mambo ya maji matamu yamekwisha yote. Tangi ni la chuma, limeota kutu kwenye maungio, na mipira imekakamaa kama mishipa ya shingo ya mtu mwenye hasira. Anataka kung'oa kila kitu kabla msimu wa matembezi haujaanza. Aweke tangi la plastiki, mipira mipya, chujio, na pampu isiyo na kelele. Nimemwambia asubiri.

Sikumpa sababu. Nakupa wewe. Asubuhi ile mwanao alikwenda kujaza tangi. Unamjua, hakuwa mtu wa kuondoka na tangi nusu, hata kama tunazunguka kisiwa tu na kurudi. Alijaza mpaka maji yakafurika, akafunga kifuniko, akakunja mpira akautundika mahali pake. Ndipo akaketi pale gatini. Waliomwona walidhani anapumzika. Kwa hiyo maji yaliyomo ni yale yale, Mama. Ni kazi yake ya mwisho, na aliimaliza. Koleo anataka nifungue kizibo niyamwage kama maji ya kuoshea vyombo.

Kuna na jambo la kuchekesha kidogo. Pampu ya boti huwaka pale tu mtu anapofungua bomba. Presha ikishuka kwenye mipira, inaunguruma. Bomba likifungwa, inanyamaza. Sasa asubuhi, ule wakati mwanao aliokuwa akinawa uso, inawaka yenyewe. Inaunguruma kidogo, kisha kimya. Mabomba yote yamefungwa. Nimeyakagua.

Usiwe na wasiwasi nasi. Tunakula, tunalala.

Mkweo

*

Tarehe 20 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa miwani aliyonitengenezea yeye mwenyewe dukani kwake, kwa hiyo ni kama tumeisoma wawili.

Nimekuwa mkunga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kazi hiyo imenifundisha kusikiliza lile ambalo mtu analiruka. Unasema pampu inawaka asubuhi. Umejuaje, nawe unalala nyumbani? Binti wa jirani yangu alipita mtaani kwenu, akasema madirisha yana vumbi na mlangoni wamebandika matangazo ya kila namna, hakuna wa kuyabandua.

Na jingine. "Tunaendelea." "Tunakula." "Tunalala." Wewe na nani? Siulizi kwa ubaya. Bado u kijana, na mimi si mama mkwe wa kukufungia kabatini pamoja na nguo za mwanangu. Lakini udongo wa kaburi haujashuka bado. Huyo Koleo ana mke?

Mimi huku namwota. Anakuja anakaa kwenye ngazi ya mlango wangu, viatu mkononi, kama alivyokuwa akitoka shule siku za mvua. Anaomba maji. Nampa. Anaonja, ananirudishia kikombe, anasema, "Siyo haya, Mama." Basi. Naamka koo limenikauka mimi. Sijamweleza mtu, maana hapa ukitaja ndoto kila mtu anajifanya mtabiri.

Tengeneza boti au uiuze, lakini usiiache iozee majini. Kitu kikiachwa, hupata mwenyewe mwingine.

Mama

*

Botini, tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Haya, umenishika. Niko botini. Nyumbani nilijaribu. Kitanda kile ni kipana mno, na kila mlango nikiufungua nakutana na hewa. Hapa chumba ni kidogo, mtu akinyoosha mkono anagusa ukuta. Cherehani yangu nimeiweka kwenye meza ya kulia chakula, nashona huku boti inanibembea. Wateja wanakuja hadi gatini. Mmoja aliniuliza kama hapa ndipo duka jipya.

Hiyo "tu" isikutie wasiwasi. Ni mazoea ya ulimi tu. Nimeolewa muda mrefu, ulimi haujapata habari.

Koleo ana mke. Alikuja wiki iliyopita nilipomwambia habari ya pampu. Akacheka, akasema pampu haina pepo, ina tundu. Mpira ukivuja hata tone, presha inashuka, nayo pampu inadhani mtu amefungua bomba. Alipapasa mpira wote kwa kidole, kutoka kwenye tangi kule omo, mbele ya boti, hadi kwenye sinki, na kweli, chini ya sinki klipu ilikuwa imelegea, pana unyevu. Akaikaza. Akabadilisha na valvu ile inayozuia maji yasirudi nyuma. Akanawa mikono, akaniambia, "Sasa lala, shemeji."

Pampu ikanyamaza kweli.

Mama, sikujua kimya kinaweza kuwa kizito hivyo. Nilikaa kwenye ngazi ya boti asubuhi nikisubiri, kama mtu anayesubiri mwenzake atoke bafuni. Nilitamani kuchukua koleo la Koleo niilegeze ile klipu. Namshukuru Mungu sikufanya hivyo, kwa sababu baada ya siku chache ikarudi yenyewe. Ule wakati ule ule. Na safari hii, baada ya kunyamaza, nilikuta sinki la kule omo lina matone. Lile ambalo mimi silitumii.

Sijamwambia Koleo. Atalikaza na bomba lile.

Tangi bado lina maji ya kutosha. Natumia kidogo kidogo sana, kikombe tu, ili yasituishie.

Mkweo

*

Tarehe 11 Machi

Mkwe wangu,

Kikombe cha nini?

Kama unafulia, sema. Kama unaoshea vyombo, sema. Usiniambie unayanywa. Yale maji yamekaa ndani ya chuma chenye kutu tangu kabla ya msiba, kwenye joto hilo. Nimeona akina mama waliovuka salama uchungu wa kutwa nzima, kisha wakaangushwa na maji ya mtungi mchafu.

Nielewe. Na mimi nilimzaa. Kama ingekuwa kumnywa kunamrudisha, ningekuja huko na mrija.

Chemsha. Au acha kabisa. Nijibu mara upatapo barua hii.

Mama

*

Gatini, tarehe 19 Machi

Kwa Mama,

Shikamoo Mama. Hunijui kwa sura. Mimi ndiye Koleo. Anwani yako nimeipata mezani botini, nyuma ya bahasha. Barua za watu sikuzisoma. Haya, nimesoma moja, ilikuwa wazi na niliona jina langu. Nina mke, Mama. Tena ana mdomo usiohitaji pampu.

Nianze na jema: mkweo yu hai, yuko hospitali, amepata nafuu. Juzi mteja wake alikuja kuchukua mapazia, akaita, kimya. Akaniita mimi. Tulimkuta sakafuni karibu na sinki, homa imempanda, tumbo limemwendesha mpaka hana nguvu ya kusimama. Barua yako ya mwisho ilikuwa pembeni haijafunguliwa. Daktari anasema amekaukiwa maji mwilini. Hebu fikiria, mtu anakunywa tangi, na kiu ndiyo inamwangusha.

Nilifungua kifuniko cha tangi nikamulika. Kuta zina utelezi, na chini kuna tope la kutu rangi ya chai. Maji hayana kosa, Mama. Maji yakikaa huharibika, hata yakipendwa. Nilitaka nifungue kizibo pale pale niyamalize. Lakini nilikwenda kwanza kumwambia hospitali. Alinishika mkono, na mtu aliyelazwa hawi na nguvu zile. Akasema, "Usimtoe." Hakusema usiyatoe. Mimi si msomi, lakini hilo nililisikia.

Sasa kuna neno ambalo sijamwambia mke wangu, maana ningelisikia mtaani kabla sijamaliza kulitamka. Baada ya kumpeleka hospitali nilirudi nikazima boti yote. Betri niliitenganisha kwa mkono wangu, waya nikazifunga utepe, nikapiga kufuli. Kesho yake mwenye boti ya jirani akaniuliza nani kalala kwa marehemu, maana pampu imempigia kelele akinywa chai. Nikamwambia amesikia ya mwingine. Nikaenda kuangalia. Kufuli lipo. Utepe upo. Sinki la omo lilikuwa limelowa.

Nimetengeneza mabomba ya boti miaka mingi. Kila mlio una sababu yake, na mimi hulipwa kuitafuta. Hii sijaipata. Marehemu alikuwa rafiki yangu, tumelala chali chini ya sakafu ile tukigombania spana. Sitaki niwe mtu wa kumfukuza kwenye boti yake.

Niambie nifanye nini.

Fundi Koleo

*

Tarehe 24 Machi

Fundi,

Marahaba. Usifungue kitu. Usikaze kitu. Nunua tangi jipya na vyote vinavyohitajika, uviweke pembeni. Nakuja.

Mwambie mkwe wangu asimsikilize anayemwambia ajikaze. Na wewe nawa mikono kabla hujamshika tena.

Mama

*

Botini, tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Basi lako lilipokata kona nilibaki nimesimama pale kituoni mpaka mwuza magazeti akaniuliza kama nimepotea. Nilimwambia hapana, nikashangaa kuwa ni kweli.

Ulipokuwa hapa hatukuzungumza sana juu ya ile siku. Ulifunga kanga yako kiunoni, ukasema kazi kwanza. Kwa hiyo naandika sasa, kwa sababu kuna jambo uliliona na kuna jambo hukuliona, nawe ulikuwa chini ya sakafu.

Nilidhani utayafungua tu yamwagike. Nilikuwa nimejiandaa kugombana nawe, Mungu anisamehe, mama mzima umesafiri kutwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya kile kifuniko kama polisi. Wewe hukunisukuma. Ulinipita, ukapiga magoti penye tangi, ukaweka kiganja juu ya chuma kama unavyoweka kwenye tumbo la mwanamke, ukatulia ukisikiliza. Koleo alitaka kusema neno, ukamwinulia kidole. Kisha ukaniambia, "Njoo ushike hapa." Nikashika. Palikuwa na baridi. Ukaniuliza, "Anacheza?" 

Halafu ukafungua kizibo. Na ile sauti yako, Mama, sikuwahi kuisikia. Ndiyo sauti unayowafanyia wanaozaliwa? "Njoo. Haya, njoo baba. Umekaa sana humo. Njoo taratibu, hakuna anayekukimbiza." Maji yalitoka mekundu, kisha ya njano, kisha karibu meupe. Koleo alikuwa anageuzia uso ukutani akijifanya anatafuta spana. Ile pampu ya kutoa maji ya chini ya boti ilikuwa inayasukuma nje, nami nikapanda juu niyaone yakienda.

Hili ndilo hukuliona. Nilikuwa nimesimama ubavuni, mkono kwenye kamba. Maji yalipoanza kwisha, boti ilipanda. Koleo anasema ndivyo ilivyo, tangi likiwa tupu uzito unapungua, omo inainuka. Najua. Lakini haikupanda pole pole, Mama. Ilipanda mara moja, na ikayumba kidogo upande wa gati, kama inavyofanya mtu mzima anapokanyaga ukingoni akashuka. Niliujua ule myumbo. Nimeusikia miguuni kila tulipofika. Nilitazama gatini. Palikuwa na jua tu, na mpira wa maji umetundikwa mahali pake. Nikasema, "Haya."  Ulinisikia ukauliza nazungumza na nani, nikakuambia yamekwisha.

Tangi la zamani Koleo alilikata vipande, halikuweza kupita mlangoni likiwa zima. Hilo jipya unalijua, wewe ndiye uliyelikagua ndani kwa kunusa. Baada ya wewe kuondoka tulimalizia. Mipira ya bluu ya maji ya baridi na myekundu ya moto, maana Koleo anasema siku moja nitataka kuoga kama binadamu. Tuliweka chujio chini ya sinki. Tukaweka na lile kopo la hewa ambalo linashikilia presha ili pampu isiwake kwa kila tone. Koleo alinieleza presha hiyo mpaka nikamwambia itanipanda ya kwangu. Kisha tukatia klorini, tukafungua kila bomba hadi lile la omo mpaka tukasikia harufu, tukaiacha ilale humo, kesho yake tukamwaga tukasuuza, tukamwaga tena. Tangi nililijaza mwenyewe. Nilisimama pale pale alipokuwa. Mpira ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Nilikunywa kikombe. Yana ladha ya plastiki. Nilikaa nikalia kwa sababu ya hiyo plastiki.

Pampu mpya haisikiki. Asubuhi ule wakati unafika, unapita, na mimi nipo. Sijui kama nimefanya vizuri. Siku nyingine najisikia kama mtu aliyebadilisha kitasa, halafu anajiuliza mwenzake ataingiaje. Nyumbani nimekwenda, nimebandua matangazo, nimefungua madirisha. Nalala huko sasa, siku zaidi. Naendelea.

Mkweo

*

Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Nimesoma yako mara kadhaa. Sikuuona huo myumbo, lakini niliusikia huko chini. Nilidhani ni Koleo amekanyaga vibaya. Nilipogeuka Koleo alikuwa nyuma yangu. Sikusema kitu, na wewe hukusema kitu, tukapanga vyombo. Ndivyo wanawake wawili wanavyoweza kukaa na jambo moja kila mmoja akidhani ni la kwake.

Umeuliza kama ile ni sauti ya kuwapokea wanaozaliwa. Ndiyo. Niliitumia pia kwa baba wa mumeo, siku yake ya mwisho. Sina nyingine. Mlango nilijifunza mmoja.

Mumeo haji tena ndotoni, kwenye ngazi ile. Nimemsubiri. Usidhani mimi ni jasiri kwa sababu nilishika kizibo. Nililala mapema makusudi, nikaweka na kikombe. Hakuja. Ila juzi, mchana, nilikuwa nachambua mboga, nikasikia bomba la uani linamwaga. Nikatoka. Limefunguliwa lote, ndoo imejaa inafurika, na hapakuwa na mtu, hata kuku. Nilisimama nikaliangalia. Hapa kwetu maji hayaji mchana. Nililiacha limwage kidogo zaidi, kisha nikalifunga. Ukitaka kuniita mzee, niite.

Sasa nikuambie jambo la walio hai. Baba wadogo wa mumeo walikuja jana, wote, wamevaa mashati ya heshima. Nikajua kuna neno. Wakazunguka mbuyu weee, hatimaye yule wa mwisho ndiye aliyelitoa. Kwamba kijana amekwenda, hakuacha mtoto, basi yule mwanamke naye aambiwe kwa upole kuwa yuko huru arudi kwao, na boti ije ukoo uijadili. Walilipamba sana hilo neno "huru". Ungedhani wanakufungulia jela.

Niliwaacha wamalize. Mkubwa wao akaniwekea mkono begani akasema, "Shemeji, tunakufikiria wewe. Sasa umebaki na nani?"

Nikamwambia, "Nina binti. Yuko mjini, anashona mapazia, ana boti. Mwezi ujao nakwenda kwake anitembeze baharini. Kunyweni chai, mnasubiri ipoe?"

Walikunywa wakaondoka.

Kwa hiyo nakuja. Sijui kuogelea na boti inayotembea sijawahi kupanda, hiyo ya kwako nimeizoea ikiwa imefungwa. Mwambie Koleo atafute jaketi la kuelea la kunitosha kifuani, asiniletee la mtoto kwa kuona aibu kuuliza. Jaza tangi mpaka lifurike. Nitakaa upande wa jua.

Mama yako